Mpangaji

Mwalimu aliyetufundisha upangaji wa mazingira hakuwa na ofisi. Alikuwa na begi. Ndani yake mlikuwa na kalamu za ubao alizonunua kwa pesa zake, kifutio, chupa ya maji, na ramani ya Kwale iliyokunjwa mara nyingi mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Ukitaka kumwona kuhusu kazi yako, ulimkuta chini ya mwarobaini karibu na maegesho, begi magotini, anasahihisha. Akimaliza kwetu anakimbilia feri, manake saa nane alikuwa na darasa lingine, chuo kingine, ng'ambo.

Chuo chenyewe sitakitaja. Kiko Pwani, inatosha.

Siku ya kwanza alibandika ile ramani ubaoni kwa selotepu, akatuuliza: "Nani atanionyesha njia ya kufika baharini pale Diani bila kumwomba askari wa geti ruhusa?" Darasa likacheka. Mimi mtoto wa Msambweni nikanyoosha mkono, nikaonyesha moja. Akaniambia nyingine. Sikuwa nayo. Akasema, "Basi hilo ndilo somo letu semesta hii."

Tulimwita lekchara, kama tulivyowaita wote. Hatukujua kwamba kuna lekchara na lekchara. Yuko mwenye jina mlangoni, bima ya afya, mkopo wa sacco na likizo. Halafu yuko mwenye barua ya ukurasa mmoja: utafundisha somo hili, saa hizi, semesta hii, na malipo yatatolewa ukishawasilisha maksi. Wetu alikuwa wa barua. Miezi minne, kisha barua nyingine, ama hakuna.

Semesta ya pili ya mwaka wangu wa tatu ilipokwisha, hakurudi. Maksi zetu nazo hazikurudi. Kwenye matokeo yangu, mbele ya somo lake, palikuwa na kistari. Nilikaa na kistari kile mwaka mzima. Idara inanituma kitivoni, kitivo kinanituma ofisi ya mitihani, ofisi ya mitihani inanirudisha idarani. Karo ya mwaka wa nne ikawa inadaiwa na mwaka wa tatu haujafungwa. Baba akaniuliza swali moja tu: "Ninalipia nini?" Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani, nikaanza kuandika kwa malipo ya makala moja moja. Na kwa miaka kadhaa, kila nilipotaka mtu wa kumlaumu, nilikuwa naye mmoja: yule wa begi.

Makala hii nilianza kuiandika ili nimlaumu vizuri, kwa ushahidi. Nikaenda kutafuta historia ya kazi yake. Historia ikanivuruga.

*

Tuanze na neno ambalo sote tunalo mdomoni. Kibarua. Tunasema niko kibaruani, tunasema kibarua kimeota nyasi, na hatusikii tena kilichomo ndani yake: barua ndogo. Zanzibar na Mombasa za karne ya 19, mtu aliyechukuliwa kazi ya siku alipewa kijikaratasi. Kazi ikiisha anakirudisha, anapewa ujira wake. Jina la karatasi likahamia kwa mtu. Na wengi wa vibarua wa mwanzo walikuwa watumwa ambao mabwana zao waliwaachia wakajikodishe mjini, kisha ujira ukagawanywa kati ya mtumwa na bwana. Sheria ilipoacha kuutambua utumwa, Zanzibar mwaka 1897 na ukanda wetu wa pwani ya Kenya mwaka 1907, bwana aliondoka kwenye hesabu. Neno likabaki.

Kisha serikali ya kikoloni ikaleta karatasi yake: kipande. Sheria ilipitishwa 1915 na ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alibeba kipande chake ndani ya kikebe cha chuma, mara nyingi kimening'inia shingoni, na humo mliandikwa umefanya kazi kwa nani na kama amekuachilia. Kibarua ilikuwa karatasi ya siku moja. Kipande ilikuwa karatasi inayokufuata.

Sasa njoo bandarini Mombasa. Mpaka miaka ya 1940 shehena za meli zilipakiwa na kupakuliwa zaidi na vibarua wa siku. Na wakuu wa kikoloni hawakuwapenda kabisa. Nilidhani sababu itakuwa uvivu, ile hadithi ya kawaida. Kumbe sababu ilikuwa kwamba kibarua wa Mombasa aliweza kutokuja. Wengi walikuwa watu wa pwani hii hii, wakiwemo Wadigo wa kusini ya kivuko, watu wenye minazi na mihogo kwao. Mtu alifanya siku alizozitaka, akapata pesa ya kodi au ya mahari, akarudi shambani. Hakuna msimamizi aliyeweza kumtisha kwa njaa. Baada ya migomo kadhaa, mkubwa ukiwa ule wa Januari 1947 uliousimamisha mji mzima, serikali na makampuni waliamua kwamba dawa ni kupunguza vibarua na kuwaandikisha watu wachache wa kudumu. Kazi hiyo ilifanyika miaka ya 1950.

Yaani pale bandarini, ajira ya kudumu ililetwa kama kamba. Na kibarua, kwa mwenye shamba, kilikuwa uhuru.

Nilifunga kitabu nikamfikiria mwalimu. Alikuwa ametoka bara, amepanga chumba kimoja Likoni. Hakuwa na mnazi hata mmoja. Nauli ya feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu, Alhamdulillahi, lakini matatu si bure, na mwenye nyumba hapokei maksi badala ya kodi. Alikuwa kibarua, lakini bila kile kilichomfanya kibarua wa babu zetu aweze kusema leo siji.

Na hapo Kiswahili kikanichezea tena. Kupanga mji, kupanga chumba. Mpangaji ni yule anayechora mahali watu watakapoishi, na mpangaji ni yule ambaye mahali anapoishi si pake. Mwalimu wetu alikuwa vyote viwili, na vyote viwili vilimalizika mwisho wa semesta.

*

Ukitazama nyuma, upangaji wenyewe ulikuja Afrika Mashariki kama mgeni wa muda. Zanzibar ilipata mpango wake wa mji mwaka 1923, umechorwa na Mwingereza H. V. Lanchester. Mwaka 1958 ukaja mpango mwingine wa kikoloni. Mwaka 1968, baada ya Mapinduzi, ukaja wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Mwaka 1982 ukaja wa Wachina. Mipango minne katika miaka 60, kila mmoja na wachoraji wake, na kila mmoja ulianza karibu upya. Nairobi nayo: mpango mkuu wa 1948 uliandaliwa na wataalamu watatu kutoka Afrika Kusini, wakauita mpango wa mji mkuu wa koloni. Angalau hawakutuficha ulikuwa wa nani.

Sisemi watu hao walikuwa wajinga. Wengine walitazama vizuri sana. Ninachosema ni kwamba mtu anayepima, anachora na kuondoka haulizwi swali ramani inapokutana na mvua. Barabara ikijaa maji miaka kumi baadaye, yeye hayupo, na afisa aliyebaki anasema, "Hilo lilikuwa kwenye mpango."

Ndiyo maana mwaka 1971 una uzito. Mwaka huo Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichokuwa kimesimama peke yake tangu 1970, kilianzisha idara ya mipango ya miji na mikoa, kwa msaada wa Norwe. Mkenya sasa angeweza kusomea upangaji nyumbani. Dar es Salaam nayo, pale ambapo palikuwa na shule ya upimaji ardhi tangu 1956, kozi ya upangaji ikaanza 1972. Leo ni Chuo Kikuu cha Ardhi. Mwaka huo huo wa 1972 dunia ilikutana Stockholm kuzungumzia mazingira, na shirika lililozaliwa, UNEP, likapewa makao Nairobi. Halafu Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa 1984, kikawa na kitivo cha masomo ya mazingira. Kwa kifupi: nchi hii ilipewa ofisi kuu ya mazingira ya Umoja wa Mataifa, na ikaanza kuzalisha wataalamu wake. Wazo lilikuwa kuwa na watu watakaobaki.

Lakini hata kubaki hakukuwa na dhamana, na hapa hakuna kisa kinachozidi cha Wangari Maathai. Alipata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, akapanda ngazi mpaka profesa mshiriki, na mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement. Mwaka 1982 aliamua kugombea ubunge, na sheria ikamtaka ajiuzulu chuoni kwanza. Akajiuzulu. Akazuiwa kugombea kwa hoja ya kiufundi. Akarudi chuoni kuomba kazi yake, akaambiwa nafasi imeshajazwa. Nyumba ya chuo ikaenda na kazi. Miaka ya kufundisha ilifutika ndani ya saa chache.

Ila kuna sehemu ya pili ya kisa hicho ambayo haisimuliwi sana. Miaka 20 baadaye, mwanzoni mwa 2002, Maathai alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Yale, kwa nafasi ya muda, msomi mgeni kwenye kitivo cha misitu. Alifundisha juu ya alichokifanya hapa nyumbani. Muda ulipokwisha alirudi, na Desemba mwaka huo akachaguliwa mbunge wa Tetu. Nafasi ya muda, chuo kikuu, mazingira: karibu maelezo yale yale ya kazi ya mwalimu wangu. Tofauti ni kwamba Maathai alikuwa na pa kurudi. Alikuwa kama yule kibarua wa bandarini mwenye minazi kwake. Mkataba ukiisha, maisha hayaishi.

Basi muda mfupi peke yake si dhambi. Swali ni umesimama juu ya nini unapokwisha.

*

Je, tulifikaje kwenye begi na mwarobaini?

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwapokea wanafunzi wanaojilipia karo kamili, na vyuo vingine vya umma vikafuata njia hiyo. Pesa ikaingia, kampasi zikafunguliwa juu ya maduka ya viatu na benki. Mwanzoni mwa 2013 vyuo vingi vishiriki vikapewa hati ya kuwa vyuo vikuu kamili. Huku kwetu, Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Ilikuwa furaha ya kweli. Mtoto wa Kwale au Kilifi hakulazimika tena kulala kwenye basi la Nairobi ili asome. Lakini jengo unaweza kulipaka rangi kwa mwezi mmoja. Mwalimu wa chuo kikuu anachukua miaka mingi kumtengeneza. Wanafunzi waliongezeka haraka kuliko walimu, na pengo likazibwa na watu wa barua.

Mwaka 2014 tume inayosimamia vyuo ikatoa vigezo: kufikia 2018, mhadhiri awe na shahada ya uzamivu. Kwenye karatasi ni jambo zuri. Kwa mtu mwenye shahada ya uzamili anayekimbia kati ya vyuo vitatu, maana yake ni kwamba ngazi imeinuliwa wakati yeye hana hata saa moja ya kuandika utafiti wake. Kisha udanganyifu ulipodhibitiwa kwenye mtihani wa kidato cha nne wa 2016, waliopata alama ya kuingia chuo kikuu walishuka mpaka karibu 89,000, pungufu sana ya mwaka uliotangulia. Wote wakatoshea kwenye nafasi za serikali. Wanafunzi wa kujilipia wakayeyuka, na ile pesa iliyowalipa watu wa barua ikayeyuka nao.

Kejeli ni kwamba wakati huo huo sheria ilikuwa inawahitaji wapangaji kuliko wakati wowote. Sheria ya mazingira ya 1999 ilishaleta NEMA na tathmini ya athari kwa kila mradi mkubwa. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 ikaitaka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10. Sheria ya upangaji ya 2019 ikakazia hapo hapo. Nani awafundishe watakaochora mipango ya miaka 10? Mtu wa miezi minne.

*

Mtu akiniuliza hili linaumiza nani zaidi ya mwalimu na wanafunzi wake, namwambia aje Kwale aitembee.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya pwani. Mwenye ardhi alitakiwa ajitokeze adai, na ambayo haikudaiwa au haikukubaliwa ikahesabiwa ya serikali. Fikiria mtu ambaye ardhi yake ni ya ukoo, haina mpaka wa waya, mipaka yake ni miti na makaburi. Afisa anakuja, anakaa, anaandika, anaondoka. Kilichoandikwa kinabaki. Miongo ikapita, hoteli zikaja Diani, viwanja vya ufuo vikagawanywa, na ndiyo maana darasa zima halikuweza kumwonyesha mwalimu njia mbili za kwenda baharini.

Au simama ufuoni utazame kisiwa cha Chale. Ni kaya, msitu mtakatifu wa Wadigo. Sehemu yake leo ni hoteli.

Au panda ndani, Nguluku na Maumba. Miaka ya 1990 kampuni ya Kanada, Tiomin, iligundua kwamba mchanga wa vilima vile una titani. Ikaleta tathmini yake ya mazingira. Mwaka 2000 wasomi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walifanya tathmini yao na kuihoji ile ya kampuni. Napenda sana kisa hiki. Hawakuuzuia mradi, familia zilihamishwa, wengine wakapelekwa Bwiti, mgodi ukachukuliwa na Base ya Australia, na shehena ya kwanza ikaondoka Likoni mwaka 2014. Lakini kulikuwa na watu wenye ujuzi, nje ya kampuni, walioweza kusema "subiri kwanza" hadharani. Sasa jiulize: mtu ambaye barua yake inaisha mwezi ujao, na anayesaini inayofuata ni mkubwa asiyemjua, atasema subiri kwa sauti gani?

Uchimbaji ulikoma Desemba 2024, madini yalipokwisha. Ardhi ipo, imegeuzwa, na sehemu inapandwa upya. Ile ni kazi ya miongo.

*

Ili nisikuache na uchungu mtupu, twende Gazi. Kutoka Msambweni ni karibu, matatu moja tu.

Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi, kuni za tanuri za chokaa na matofali. Sehemu zikabaki tope tupu linalopasuka jua likiwaka. Miaka ya 1980 watafiti wa Kenya na Ubelgiji walianza kuichunguza ghuba ile, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 upandaji ukaanza. Mtafiti mmoja wa KMFRI, James Kairo, aliandikia shahada yake ya uzamili kuhusu mikoko ya Gazi, kisha uzamivu kuhusu mikoko hiyo hiyo. Halafu akaendelea kuja. Wanakijiji, wanawake kwa wanaume, walipanda mkoko, mchu, mkandaa, na mlilana kule mbele yanakopiga mawimbi. Mingine ikafa. Wakapanda tena. Mwaka 2013 ukazinduliwa Mikoko Pamoja, mradi wa kijamii unaouza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na pesa zikaenda kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Mwaka 2017 ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mkataba wa mradi ni wa miaka 20.

Tangu upandaji ule wa kwanza mpaka kuuza hewa ya ukaa ni kama miaka 20 pia. Hakuna mtu wa semesta angeyaona hayo. Na hakuna anayeweza kusema Gazi walifanikiwa kwa sababu walikuwa na akili kuliko sisi wengine. Walikuwa na watu waliobaki mpaka waone mche upi umekufa na kwa nini.

Wazee wa kaya wanalijua hili bila cheti. Kaya Kinondo, pale Diani kusini, ni hekta 30 hivi. Ukiingia unafungwa kaniki kiunoni, unaambiwa usichukue hata jani. Mwaka 2008 UNESCO iliiweka pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda kwenye orodha ya urithi wa dunia. Msitu ule umesimama kwa sababu kila kizazi kuna mzee ambaye ukiuliza "nani anasimamia hapa?" atakwambia, "Mimi."

*

Mwaka jana nilimwona mwalimu. Ukunda, steji, jua la saa saba. Alikuwa amevaa fulana ya kung'aa na ana tableti mkononi, anawauliza abiria maswali. Kibarua cha wiki mbili, uchunguzi wa usafiri. Nilimtambua kwa begi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akanitazama. "Msambweni. Njia ya baharini."

Tulikaa kwenye benchi la mama wa mahamri. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba miaka mingi, ikanitoka yote isipokuwa swali: maksi zetu zilikwenda wapi?

Hakuzunguka. Alisema semesta mbili za mwanzo aliwasilisha maksi, hakulipwa. Ya tatu akaambiwa awasilishe kwanza. "Nikasema safari hii nakaa nazo mpaka nilipwe. Ndiyo silaha niliyokuwa nayo. Nilidhani wataleta mtu mwingine awatahini upya." Akanyamaza. "Ulimaliza?"

"La."

Alitazama chini kwa muda mrefu. Hakuniomba msamaha, wala sikumwambia yaliyopita yamepita, manake hayajapita. Silaha aliyoishika ilimkosa aliyemdai, ikanipata mimi. Hilo bado nalishikilia. Lakini nilikuwa nimeshasoma ya kibarua na ya kipande, na sikuweza tena kumwona kama mwanzo wa kisa. Kuna mtu alikaa kwenye kiti kisichohama akaandika barua ile: leta maksi kwanza, pesa baadaye, miezi minne, kwa somo ambalo jibu lake huonekana baada ya miaka 20. Mtu huyo sijawahi kumwona, na jina lake silijui.

Niliandika namba yangu kwenye tableti yake, chini ya swali la mwisho. Alikuwa na siku nne zaidi Ukunda.

Baada ya mwezi simu yangu ililia. Picha. Karatasi zetu alikuwa nazo bado, kwenye gunia, na ya kwangu ameipiga ukurasa baada ya ukurasa. 58. Swali la pili lilitaka tueleze mpango wa kurudisha ardhi ya mgodi wa Kwale uchimbaji utakapokwisha. Nilikuwa nimejaza kurasa tatu: miti ya kienyeji, maji, udongo wa juu, kamati ya wanakijiji, ratiba ya miaka 15. Pembeni, kwa wino mwekundu, ameandika: "Vizuri. Nani atabaki kusimamia? Hukutaja."

Nilimjibu asante. Nikamuuliza yuko wapi siku hizi. Voi, akasema, mpaka Ijumaa.